Namba Kwenye Ukwato

Jiwe la mjomba wangu lina mistari mitatu:
cheo, jina, miaka.
Koplo. Eljas Tossavainen. 1913–1940.
Ubavuni mwake yamepangwa mengine sitini na mawili,
kimo kimoja, kama meno ya mtu mwenye bahati.
Mimi huja Mei, theluji ikishakuwa tope,
na ndoo, na burashi ya kusugulia viazi.
Sifuri ndiyo sugu. Kuvumwani huingia humo, ikajikunyata.

Jiwe halisemi kwamba aliswaga magogo mtoni,
akiruka gogo hadi gogo na mti wenye kulabu,
naye hajui kuogelea,
na siri hiyo aliijua dada yake tu, Saimi, mama yangu.
Halisemi gumba la kushoto lilikuwa nusu,
wala kwamba alidaiwa dukani kwa Pirhonen
ratili ya kahawa na kioo cha kunyolea.
(Pirhonen alilipiga mstari deni lile,
halafu akaona haya, akaufuta na mstari.)

Oktoba ile karatasi zilikuja mbili siku moja:
moja ya mtu, moja ya farasi.
Virkku, jike, rangi ya asali,
mkaidi wa malango, mwoga wa magunia matupu.
Serikali ikamtazama meno, ikamwandikia bei kwenye cheti,
ikamchoma namba kwenye ukwato wa mbele.
Mjomba hawakumwandikia bei.
Bibi alilitaja hilo miaka yote bila hasira,
kama mtu anayetaja mvua.

Barua zake nne zote ni habari za farasi.
Virkku amekohoa. Virkku ametafuna gome la msonobari.
Nyuzi arobaini chini ya sifuri, Virkku ana ndevu za barafu.
Kuhusu yeye mwenyewe: Mimi mzima.

Februari, mchungaji alipanda kilima kwa miguu,
na kila nyumba aliyoipita ilishusha pumzi,
kisha ikaona aibu.
Yetu ilikuwa ya mwisho kule juu.
"Ameanguka kwa ajili ya nchi," alisema.

Lakini kiangazi alikuja Ruben Mikkonen wa kikosi chake,
akakaa ukingoni mwa benchi, kofia magotini.
Ng'ambo ya uwanda kulikuwa na banda la nyasi kavu,
na farasi walikuwa siku tatu hawajala.
Eljas alisema, Nakwenda mara moja.
Akaenda mara moja.

Virkku alikuwa ameshatangulia kurudi,
mbavu nje, akichechemea,
akajifungulia lango kwa pua kama zamani.
Bibi alitoka na ndoo, akaitua,
akamtandika kofi la shingo, akabaki amelishika lile shingo
mpaka maziwa yakaingia nzi.
Vita vya pili vilipokuja walimtazama mguu, wakamwacha.

Ukwato humea. Namba ikashuka kidogo kidogo,
mpaka siku mhunzi alipoikata,
ikaanguka kama ukucha, mbwa akaondoka nayo.
Farasi akawa amemaliza.
Jiwe halimei.

Mkesha wa Krismasi mtaa mzima huja na mishumaa,
theluji ikatoboka mashimo ya mwanga.
Bibi alichomeka wake, na kando yake
konzi moja ya nyasi kavu.
Mtunza makaburi, mtu wa mistari iliyonyooka,
aliziondoa kila mwaka, mpaka mwaka mmoja akamvizia.
"Mama, hizi za nini?"
"Alizifuata, hakufika nazo.
Namfikishia."

Bibi sasa yuko upande wa raia, nyuma ya ukuta.
Farasi hatuna tena, na shamba ni msitu.
Nyasi nanunua mjini, duka la wanyama wa nyumbani,
pakiti yenye picha ya sungura.
Binti wa kaunta huniuliza, kwa adabu,
sungura wangu ana umri gani.
Namwambia: ishirini na sita.